Kozi ya Usimamizi wa Miradi ya Mifumo ya Taarifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila semesta grupu la WhatsApp la darasa linajaa maswali yaleyale, CR (mwakilishi wa darasa) anajibu mpaka anachoka, ndo maana yamewekwa hapa pamoja. Yanamlenga zaidi mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu kwenye vyuo vya Tanzania. Wa Kenya na Uganda mengi yatawafaa ila mambo ya alama na mitihani kila chuo kina taratibu zake. Kama swali lako limejibiwa sehemu nyingine utaona nimekutuma huko, sirudii.

## Kabla hujaanza

1. Hii kozi inahusu nini hasa, si ni IT tu?

IT ipo lakini sio kiini. Kiini ni hiki: kuna taasisi inataka mfumo, kuna hela kiasi flani, kuna tarehe, kuna watu wanaoutaka na wengine hawautaki kabisa, na wewe ndo umeshikishwa usukani. Utasoma jinsi ya kuandika mradi unahusu nini na hauhusu nini, kukadiria muda na gharama, kupanga kazi, kufuatilia kama mnaenda vizuri, kushughulika na riski (mambo yanayoweza kuharibika), na kukabidhi.

Ukiniuliza mimi, kozi nzima inapima kitu kimoja, kama unaweza kumwambia bosi au mteja mapema kwamba "tarehe hii haiwezekani" na ukamwonyesha kwa namba kwa nini. Chati na fomula zote utakazosoma zinakusaidia kusema hayo bila kuonekana mvivu au mwoga.

2. Lazima nijue koding?

Sio lazima uwe mkali, ila ukiwa hujui kabisa programu inaandikwaje watakudanganya. Mtu atakwambia moduli ya malipo ni kazi ya siku mbili na utaandika siku mbili. Angalau uwe umepita kozi ya hifadhidata na ile ya uchambuzi wa mifumo, maana humu hawarudii.

3. Kuna hesabu?

Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Basi. Wanaosapu (wanaofeli na kurudia mtihani) hawasapu kwa sababu ya hesabu, wanasapu kwa sababu wanapata jibu 0.8 afu hawajui la kusema kuhusu hiyo 0.8. Angalia swali la 8.

4. Kwani mradi wa mfumo una tofauti gani na kujenga nyumba? Si yote ni miradi?

Tofauti kubwa ni kwamba mfumo hauonekani ukiwa unajengwa. Nyumba ikiwa haina paa kila mpita njia anaona, mfumo ukiwa hauna paa unaweza kuambiwa "tumefika asilimia 90" miezi mitatu mfululizo na huna pa kuchungulia. Halafu mteja anabadilisha mawazo kirahisi kwa sababu anadhani kubadilisha ni kufuta na kuandika upya, na la mwisho, mfumo ukiingia ofisini unagusa madaraka ya watu. Mhasibu aliyekuwa anatunza daftari peke yake miaka kumi, leo kila mtu ataona salio kwenye skrini, unafikiri atashangilia?

## Vitu vya darasani vinavyochanganya

5. Skopu ni nini na kwa nini lekchara anaisema kila kipindi?

Skopu ni mpaka wa kazi. Mfano SACCOS ya wafanyabiashara inataka mfumo wa mikopo: kuandikisha wanachama, kurekodi michango, kukokotoa riba, kutoa ripoti ya mwezi. Hiyo ni ndani. Aplikesheni ya simu? Kuunganisha na M-Pesa? Meseji za kukumbusha madeni? Kama havijaandikwa kwamba viko nje, siku ya kukabidhi mwenyekiti atauliza viko wapi na atakuwa na haki ya kuuliza. Ndo maana kwenye ripoti sehemu ya "havimo" ina uzito sawa na ya "vimo", ingawa vikundi vingi vinaiacha tupu.

Mabadiliko yanaruhusiwa. Kinachokatazwa ni mabadiliko ya kimyakimya, yani mteja anapiga simu usiku "hebu ongezeni na kile kitu" na mmoja wenu anaongeza. Kila ombi liandikwe, lipimwe linaongeza siku ngapi na shilingi ngapi, na mwenye mamlaka asaini.

6. Nagawanyaje kazi, na nakadiriaje siku?

Kugawanya: unashuka kutoka kitu kikubwa kwenda vidogo mpaka ufike kipande ambacho mtu mmoja anaweza kusema kimeisha au hakijaisha. "Kutengeneza mfumo" sio kipande. "Fomu ya kuandikisha mwanachama inahifadhi taarifa na imejaribiwa" ni kipande.

Kukadiria: acha kutaja namba moja. Taja tatu, mambo yakienda vizuri sana, kawaida, na yakiharibika. Kisha chukua ya vizuri, ongeza ya kawaida mara 4, ongeza ya kuharibika, gawanya kwa 6. Kazi yenye siku 2, 5 na 14 inatoka (2 + 20 + 14) ÷ 6 = siku 6. Njia hii ilikuja na PERT, mbinu ya kupanga muda wa miradi iliyotengenezwa mwaka 1958 kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani. Ona jinsi ile 14 ilivyoivuta namba juu, hapo ndo umeme kukatika, mteja kusafiri na mtu kuumwa vinapoingia kwenye hesabu badala ya kubaki visingizio vya baadaye.

7. Kritikali pathi sijaielewa kabisa, nisaidieni

Tulia, ni rahisi ukiwa na mfano. Tuendelee na ile SACCOS.

Kukusanya mahitaji siku 5. Baada ya hapo mambo mawili yanaenda sambamba, huku mnabuni hifadhidata siku 4 kisha mnaandika programu siku 12, na kule mnaagiza kompyuta zinachukua siku 14 kufika. Vyote vikiisha ndo mnafunga na kujaribu siku 6, halafu mafunzo siku 3.

Njia ya programu: 5 + 4 + 12 + 6 + 3 = 30. Njia ya kompyuta: 5 + 14 + 6 + 3 = 28. Ile ndefu, ya siku 30, ndo kritikali pathi, kazi yoyote humo ikichelewa siku moja mradi wote unachelewa siku moja. Njia ya kompyuta ina nafasi ya siku 2.

Sasa swali la mtihani linakujaga hivi: kompyuta zimekwama bandarini siku 4, mradi unachelewa siku ngapi? Wengi wanaandika 4. Jibu ni 2, kwa sababu siku 2 za kwanza zinamezwa na ile nafasi. Na usisahau kuandika kwamba kuanzia hapo njia ya kompyuta ndo imekuwa kritikali pathi mpya ya siku 32, kwa iyo hata ukimwambia mwandishi wa programu akeshe hakuna utakachookoa. Hicho ndo kitu chati ya Gantt (ratiba ya mistari inayoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini) ikichorwa kivivu haikuonyeshi, unaona mistari mizuri ya rangi ila hujui upi unakubana.

8. CPI na SPI zina maana gani kwa lugha ya kawaida?

Bajeti ni milioni 20 kwa wiki 10. Wiki ya 4 mlipanga muwe mmefanya kazi ya milioni 8. Mkikagua, kazi iliyokamilika kweli ina thamani ya milioni 6, na mmetumia milioni 7.5.

CPI ni kazi iliyofanyika gawanya kwa hela iliyotoka, 6 ÷ 7.5 = 0.8. Maana yake kila shilingi 1,000 mnayotoa inarudisha kazi ya shilingi 800. SPI ni kazi iliyofanyika gawanya kwa iliyopangwa, 6 ÷ 8 = 0.75, yani mnatembea robotatu ya mwendo mliojipangia. Mkiendelea hivihivi mradi utagharimu 20 ÷ 0.8 = milioni 25.

Hapo ndo alama zilipo. Usiishie 25. Sema milioni 5 zitatoka wapi au nini kitakatwa kwenye skopu, na nani ana mamlaka ya kuamua. Na sema sasa, wiki ya 4, ambapo mteja bado anaweza kuchagua. Wiki ya 9 atakuwa anapewa taarifa ya msiba.

Aliyeangalia matumizi tu angeona mmetumia 7.5 kati ya 8 na kupiga makofi kwamba mmebana matumizi.

9. Wotafoli au ajaili, ipi ni bora?

Swali hili linazua ugomvi usio na faida. Wotafoli ni kumaliza hatua moja ndo uingie nyingine: mahitaji, ubunifu, kuandika, kujaribu, kukabidhi. Ajaili ni kwenda kwa vipande vifupi, kila baada ya wiki mbili hivi mteja anaona kitu kinachofanya kazi na kusema abadilishe nini. Skramu ni mojawapo ya njia za kufanya ajaili, ina majukumu na vikao vyake.

Watu wanapenda kumlaumu Winston Royce, mtaalamu wa programu wa Marekani, kwa wotafoli kwa sababu mwaka 1970 alichora ule mchoro wa hatua zinazoshuka, wakati kwenye makala hiyohiyo aliandika kwamba kuifuata hivyo ilivyo ni hatari. Tamko la ajaili lilitoka Februari 2001, watu 17 walikutana Snowbird, Utah.

Kivitendo hapa kwetu mara nyingi utachanganya. Mikataba ya zabuni inataka kujua mapema unaleta nini na kwa bei gani, hiyo inakuvuta kwenye wotafoli, lakini ndani ya mkataba huohuo hakuna anayekukataza kuwaonyesha watumiaji kipande kila baada ya wiki mbili. Kwenye mtihani usiandike "ajaili ni bora kwa sababu ni ya kisasa", hiyo ni sifuri ya moja kwa moja.

10. Mradi ukichelewa si tunaongeza watu tu?

Fred Brooks aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa, pale IBM alisema kinyume chake mwaka 1975: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Sababu ni kwamba wapya wanafundishwa na walewale ambao wangekuwa wanafanya kazi, na mawasiliano yanaongezeka kuliko watu. Watu 5 wana jozi 10 za kuongea, watu 10 wana jozi 45. Umeongeza watu mara mbili, maongezi yamepanda mara nne na nusu.

Haimaanishi usiongeze kamwe. Kazi inayogawanyika bila kuongea sana, kama kuingiza madaftari ya zamani kwenye mfumo, ongeza vijana hata kesho.

## Mifano ya kweli ambayo lazima uijue

11. Ni miradi gani iliyofeli inayotajwa sana?

Unaoulizwa zaidi ni mfumo wa magari ya wagonjwa wa London. Uliwashwa tarehe 26 Oktoba 1992 jiji zima kwa mpigo, ukaanza kupoteza mahali magari yalipo, simu zikarundikana, watu wakawa wanapiga mara ya pili na ya tatu na foleni ikazidi. Tarehe 4 Novemba ukazima kabisa, na chanzo cha kuzima huko kilikuwa kipande kidogo cha programu ambacho hakikuwa kinaachia kumbukumbu ya seva. Lakini ukiandika hicho tu kwenye mtihani umekosa jibu. Uchunguzi ulionyesha zabuni ilienda kwa bei ya chini sana, ratiba haikuwa ya kweli, mafunzo hayakutosha na wafanyakazi hawakuuamini mfumo. Hakuna hata kimoja hapo kinachorekebishwa na programa.

Denver, Marekani, uwanja mpya wa ndege ulipaswa kufunguliwa Oktoba 1993, ukafunguliwa 28 Februari 1995, na sababu kubwa ilikuwa mfumo wa kubeba mizigo unaojiendesha wenyewe. Queensland, Australia, mfumo wa mishahara ya wafanyakazi wa afya uliwashwa Machi 2010, wengine wakalipwa pungufu, wengine zaidi, wengine hawakulipwa kabisa, na gharama yote ikaja kukadiriwa dola za Australia bilioni 1.25. Tovuti ya bima ya afya ya Marekani, 1 Oktoba 2013, siku ya kwanza waliofanikiwa kujiunga walikuwa watu 6.

12. Kuna mfano wa huku kwetu?

Upo, na mi naupenda kuliko ya Ulaya kwa sababu tatizo lake unalijua. Uchaguzi wa Kenya wa 4 Machi 2013, vifaa vya kutambua wapigakura kielektroniki vilizima vituo vingi, betri ziliisha na baadhi ya vyumba vya madarasa havikuwa hata na soketi za umeme. Mfumo wa kutuma matokeo nao ukaelemewa, kazi ikarudi kwenye karatasi. Sasa jiulize, "hakuna soketi" ni riski ya kiteknolojia? Ni mtu kwenda kuangalia chumba mwezi mmoja kabla na kuandika alichoona.

Usidhani ni vilio tu. GePG ya Wizara ya Fedha ya Tanzania, ile ya kontrol namba, ilianza 2017 na leo ndo unalipia ada kwenye chuo cha umma. Ukipata mada huria, andika kuhusu huo, kwa nini umeshika? Mtumiaji hakulazimishwa kununua kifaa, analipa kwa simu au benki aliyonayo tayari. Walimu wamechoka kusahihisha Denver.

## Mradi wa kikundi

13. Tuchague mteja gani?

Mdogo, wa karibu, na mwenye mtu mmoja anayeamua. Duka la dawa, SACCOS, maktaba ya shule, gereji. Kanisa au msikiti ni sawa ila hakikisha mnajua nani anasaini, kamati ikiwa na watu kumi na mbili mtapata majibu kumi na mbili. Epukeni taasisi ya umma kwa semesta moja, miradi yao ya TEHAMA inapitia taratibu na miongozo ya e-GA (Mamlaka ya Serikali Mtandao), barua yenu inaweza kujibiwa mkiwa mmeshamaliza UE (mtihani wa mwisho wa semesta).

14. Tunaweza kutumia data halisi za wateja?

Kwa ripoti ya darasani, hapana, tengenezeni majina ya kubuni. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019. Orodha ya wadaiwa wa SACCOS ikionekana kwenye slaidi ukumbini ni aibu kwa watu ambao hawakuwahi kukuruhusu. Taarifa za wagonjwa ndo usiguse kabisa.

15. Kuna mwenzetu hachangii chochote, tufanyeje?

Hili ndo swali namba moja kwa kurudiwa. Msisubiri wiki ya presentesheni mje kulia ofisini. Kila kikao kiwe na muhtasari mfupi, nani alikuwepo, nani kachukua kazi gani, iishe lini. Ni vilevile vipande vya kazi vya swali la 6. Wiki mbili zikipita bila kitu, kiongozi wa kikundi amfuate pembeni kwanza kwa heshima, maana kuna watu wanafanya kazi usiku au wana mgonjwa nyumbani na hawawezi kusema kwenye grupu. Ikishindikana mpelekeeni mwalimu mihtasari, sio hasira. Mwalimu hawezi kukata alama kwa sababu watu wanne wamekasirika, ila karatasi yenye tarehe ataisoma.

16. Tunaweza kuandikiwa ripoti na ChatGPT?

Sheria ya chuo chako kwanza, isome. Ukiacha sheria, shida ni kwamba hati yake inafaa mradi wowote, yani haifai wenu. Utasimama mbele, utaulizwa kwa nini mafunzo ni siku 3, na jibu litakuwa halipo kwa sababu hakuna aliyewahi kuhesabu kwamba kuna makarani wangapi na kompyuta ngapi. Maswali ya presentesheni yote yako hivyo.

## Mtihani na baada ya hapo

17. Nisome nini kwa UE?

Piga msuli kwenye swali la 7 na la 8 mpaka uweze kufanya bila kuangalia, hayo karibu kila mwaka yapo. Kisha kesi moja ya kueleza kwa kina, sio tano za kugusa. Madesa ya zamani yanasaidia kuona mtindo wa maswali, ila kuna desa linalozunguka lenye kritikali pathi iliyokokotolewa vibaya na kila mwaka kuna watu wanalinakili na kosa lake.

18. Nikimaliza nifanye cheti gani?

PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1969, ina CAPM ambayo haidai uzoefu wa kazi, inadai saa 23 za mafunzo, na PMP inayodai miaka kadhaa ya kuongoza miradi. PRINCE2 asili yake ni Uingereza. Ushauri wangu, usikimbilie kulipia dola za mitihani hiyo ukiwa hujapata hata fildi (mafunzo kwa vitendo kazini). Pata fildi sehemu wanafunga mfumo, hata kama utakuwa unaandika mihtasari ya vikao, ndo utajua kama kazi hii unaitaka.

## Yale ya pembeni

19. Mteja wetu kaacha kupokea simu katikati ya semesta

Inatokea sana. Kwanza angalieni kama mlimwandika kwenye daftari la riski (orodha ya yanayoweza kuharibika na mtafanyaje), kama mlimwandika na mkaweka mbadala, mna alama tayari. Mpelekeeni barua fupi yenye tarehe ya mwisho ya kujibu, mwambieni mwalimu siku hiyohiyo, afu mfunge mradi rasmi: kilichofanyika, ambacho hakikufanyika, kwa nini. Kutafuta mteja mpya wiki ya 10 ni kujiua.

20. Mfumo wenyewe haujaisha, tutapata sifuri?

Kwa kawaida hapana, hii sio kozi ya programu. Kikundi chenye mfumo nusu na hesabu za kila wiki zinazoonyesha lini walijua watachelewa na walimwambia nani kinapita chenye mfumo mzuri na ripoti iliyoandikwa usiku mmoja. Wasahihishaji wanaijua CPI ya kupika, namba zake huwa hazishuki hata wiki moja. Ila ulizeni mgawanyo wa alama wa mwaka wenu, kuna walimu wanaotenga asilimia kwa mfumo wenyewe.

21. Mteja kaupenda, anataka aendelee kuutumia. Nani atauhudumia?

Kabla ya kufurahi, kaeni naye muandike ukurasa mmoja. Nani analipia hostingi na jina la tovuti kila mwaka, kwa shilingi ngapi. Nani anachukua bakapu na anaiweka wapi. Mtasaidia bure mpaka tarehe gani, na baada ya hapo ni bei gani kwa siku. Akaunti zote ziwe kwa barua pepe ya ofisi yake, sio ya mwanakikundi, maana huyo akihitimu akabadilisha namba, SACCOS nzima imefungiwa nje. Kabidhini nywila mkononi kwa watu wawili wa ofisi, wabadilishe mbele yenu, wasaini.